Jembe la Posa Angani

Watu wa Njombe wakikosa la kusema, wanasema Dorika alitaka kumuua mzungu kwa jembe. Uongo mtupu. Mzungu ndiye aliyetaka kuniua mimi kwa ndege yake, na jembe lilikuwa limetulia kifuani pangu, halijamgusa mtu. Ila kwa kuwa wasemaji hawachoki, leo nasema lote, na atakayelipindua tena tutaonana mimi na yeye.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, mwezi wa nne, masika yamechachamaa. Filbert ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mama yake alimwacha hajaota meno, na kaka akamfuata mkewe mwaka uliofuata. Mimi ambaye Mungu hakunipa wa kuzaa nikambeba mgongoni mpaka akakataa mwenyewe kubebwa. Alipokua akawa fundi wa mashine katika shamba la pareto la mzungu mmoja, si mbali na mji. Mzungu huyo alikuwa na ndege ndogo ya viti viwili, mali yake mwenyewe, na kila Jumapili aliizungusha juu ya paa la kanisa wakati wa mahubiri. Watoto walimwita Bwana Kipanga, maana akipita, kuku wote walikimbilia uvunguni.

Filbert alimpenda Emilia, binti wa mzee Nikodemo wa Lyamkena, kule Makambako. Emilia naye alimpenda. Shida ilikuwa Nikodemo. Si mtu mbaya, ila neno lake likishatoka mdomoni halirudi, hata likimwumiza mwenyewe. Alikuwa ameshakubali posa ya Filbert, lakini jembe la kuifunga posa tukachelewa kulipeleka mara mbili: mara ya kwanza Filbert aliugua homa, mara ya pili mimi niliteguka mguu. Akachoka. Akatuma barua, na mwandishi wa barua alikuwa Emilia mwenyewe, kwa kuwa baba yake alijua kusoma Biblia lakini kalamu ilimshinda. Barua ilisema: "Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Nitangoja mpaka jua lisimame utosini. Likishapita, nitapokea jembe la Kristofa."

Kristofa alikuwa karani, ana baiskeli na jozi mbili za viatu.

Chini kabisa ya barua kulikuwa na maneno mawili ya penseli, ambayo nadhani mzee hakuyaona: "Shangazi, njoo." Filbert, aliyekuwa akinisomea, aliyarudia maneno hayo mara mbili. Mimi nikalia, sifichi.

Najua utasema mshenga ni mwanamume. Wanaume waliobaki katika ukoo wetu walikuwa wawili, mmoja kiziwi, mwingine ukimtuma na jembe atalibadilisha kwa pombe kabla hajatoka mtaani. Mshenga nikawa mimi, na aliyecheka alinitambua.

Basi Alhamisi mvua ikachukua daraja la njia ya Makambako. Malori yakasimama. Kwenda kwa miguu ni siku mbili, tena mito imejaa. Ijumaa Filbert akaja kwangu, hajala, macho mekundu, akasema, "Shangazi, Bwana Kipanga amekubali kukupeleka."

"Kunipeleka na nini? Ana mtumbwi?"

Akaangalia juu.

"Thubutu!" nikasema. "Aliye juu mngoje chini, ndivyo nilivyofundishwa. Sikufundishwa kumfuata."

Alikaa tu pale kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, vile alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo na ugali umekwisha. Hapo nikashindwa. Nikamwambia, "Kesho saa ngapi?"

Sasa sikiliza habari ya jembe, maana hapa ndipo wengi wanapopotosha. Katika ukoo wetu jembe la posa ni jipya, halina mpini. Njiani linafunikwa, lisionwe na mwenye jicho baya. Na haligusi chini mpaka baba wa binti alipokee kwa mikono yake. Likigusa, ni sawa na kulima shamba ambalo hujapewa, na posa imekufa hapohapo. Kwa hiyo nililifunga katika mbeleko yangu ya zamani, ile niliyombebea Filbert, nikalikumbatia kifuani, na juu yake nikajitanda blanketi kwa baridi. Filbert alidhani nimelitia kikapuni, na kikapu kilifungwa nyuma kabisa. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala Njombe nzima, huoni hata mbuzi wa jirani. Bwana Kipanga akatembea huku na huko akitazama saa. Halafu akanipeleka kwenye mizani. Ndiyo, mizani ileile ya kupimia magunia ya pareto! Nikasimama juu yake mbele ya vibarua.

"Mama," akasema akikuna kichwa, "wewe iko nzito kuliko macho yangu naona."

"Nimekula, Bwana."

Vibarua wakacheka. Filbert akageuza uso. Na mimi nikafunga blanketi vizuri zaidi.

Ilipofika saa tano ukungu ukainua pindo kidogo, kidogo tu. Mtu mwenye busara angengoja. Lakini Bwana Kipanga alikuwa wa wale wanaodhani mawingu yatawapisha kwa kuwa wana haraka. "Makambako nusu saa," akasema. "Jua bado kufika juu." Akanifunga mkanda, Filbert akazungusha panga la mbele la ndege, mashine ikanguruma, na majani yakaanza kukimbia upande wangu. Niliimba wimbo wa kanisani. Kwa woga niliusahau, nikarudia ubeti wa kwanza mara nne.

Tulipokuwa juu, ukungu ukatufunga. Mbele nyeupe, nyuma nyeupe, chini nyeupe. Mbele yetu, katikati, kulikuwa na kikombe cha kioo chenye duara la namba linaloelea. Bwana Kipanga akakigonga kwa kidole.

"Hii dira. Hii najua kaskazini. Makambako iko kaskazini. Macho naweza danganya, dira hapana sema uongo."

Nikasema, "Vizuri, Bwana," kwa sababu mtu aliyeshika uhai wako humbishii.

Nusu saa ikapita. Makambako hakuna. Akatazama saa, akatazama dira, akanyoosha shingo. Mara mbele yetu, ndani ya ule weupe, ukatokea weusi. Ulikuwa mlima! Niliona miti, niliona hata tawi lililovunjika. Bwana Kipanga akavuta usukani mpaka kifuani, ndege ikapiga kelele, na vilele vya miti vikapita chini ya miguu yetu. Nilipiga yowe. Na yeye alipiga yowe, ingawa baadaye alikana.

"Kilima hii hapana kwenye ramani," akasema, jasho likimtoka.

"Kilima kipo, Bwana. Sisi ndio hatupo mahali petu."

Mawingu yakapasuka chini yetu, tundu la upana wa shamba moja hivi. Nikainama mbele kuchungulia. Nikaona mianzi, nikaona kanisa dogo na kengele iliyotundikwa kwenye nguzo mbili, na nyumba yenye mti wa mfudu nyuma yake.

"Bwana! Hapo ni Matembwe! Mimi nimezaliwa hapo. Ile ni nyumba ya mama mdogo!"

"Hapana wezekana. Matembwe iko mashariki. Sisi nakwenda kaskazini. Tazama dira!"

Nikatazama. Na hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimeinama mbele, jembe limekaribia kile kikombe, na lile duara likageuka kunifuata. Nikarudi nyuma, likarudi kiasi. Nikainama tena, likanifuata tena, kama mbwa anayefuata mfupa. Filbert ana kipande cha sumaku pale karakana, anaokotea misumari iliyodondoka. Nilishaichezea mara nyingi. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Tangu Njombe, mimi na jembe langu tulikuwa tunaivuta pua ile ndege kuelekea kwetu.

Niliogopa, nasema wazi. Shetani akaninong'oneza: nyamaza, Dorika, ukisema atalitupa, na likitupwa Filbert amekosa mke. Nikajibu: na nikinyamaza tunagonga mlima, Filbert anakosa mke na shangazi kwa pamoja. Basi nikakohoa.

"Bwana, dira yako inaumwa."

"Naumwa nini?"

Nikafungua blanketi, nikafunua mbeleko. Bwana Kipanga alikuwa mweupe, lakini sikujua kwamba mtu mweupe anaweza kuongeza weupe.

"Jembe!" akapiga kelele. "Mama! Jembe ndani ya ndege, karibu na dira!" Akasukuma kidirisha, baridi ikatupiga. "Tupa! Tupa sasa hivi!"

"Ng'o!"

"Tupa! Sisi nakufa!"

"Ukilitupa jembe hili, nitupe na mimi. Halafu rudi ukamweleze Filbert, na mashine yako ujitengenezee mwenyewe!"

Hilo lilimwingia. Alikuwa na fundi mmoja tu aliyeielewa ndege ile, naye alikuwa mwanangu. Akafunga kidirisha.

"Basi weka chini, nyuma ya kiti. Mbali na dira."

"Jembe la posa haliwekwi chini."

"Mama! Sisi iko angani! Hapa chini hapana!"

Nilifikiri, maana ilikuwa hoja. Nikatazama sakafu. Viatu vyake vilikuwa na matope ya shambani, na matope yametapakaa kila mahali. "Hayo ni nini, Bwana?" nikamwuliza. "Si udongo? Udongo ni udongo, hata ukipandishwa mbinguni."

Sijui alisema nini kwa Kiingereza. Wala sikuomba kufasiriwa.

Ndege ilikuwa inazunguka juu ya Matembwe, yule mama mdogo bila shaka ameshajificha na kuku wake, na sisi tunabishana habari ya matope. Lazima jembe liwe mbali na dira, na lazima lisiguse chini. Ndipo nilipokumbuka mgongo wangu. Miaka mingapi haukubeba kitu! Nikalegeza mkanda, nikainama, nikalitupia jembe mgongoni kwa ile mbeleko kama nilivyokuwa nikimtupia Filbert, nikakaza fundo kifuani. Nikajiegemeza kwenye kiti. Liliniuma, wee, lilikuwa linanichoma mbavu kila ndege ilipotikisika.

Lakini lile duara likajigeuza taratibu, likatulia. Bwana Kipanga akaligonga, akatazama chini kwenye kanisa la Matembwe, akatazama ramani, akanitazama mimi.

"Sasa hii nasema kweli," akasema kwa sauti ndogo.

"Dira au mimi?"

"Wote wawili."

Akageuza ndege kushoto. Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe bado. Alikuwa ametia petroli ya safari fupi, ya kwenda na kurudi tu, na sisi tulikuwa tumeimaliza kwa kutalii. Sindano ya mafuta ilikuwa imelala. Akaniambia, "Mama, omba Mungu." Nikamjibu nilianza tangu Njombe.

Mawingu yalipanda kidogo tulipokaribia, tukaiona barabara kuu, nyekundu, na mapaa ya Makambako. Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote za safari. Nilisikia upepo tu na meno yangu. Bwana Kipanga alishika usukani kwa mikono miwili, akaielekeza ile ndege kwenye uwanja wa majani ambako ng'ombe kumi hivi walikuwa wanakula kwa raha zao. Ng'ombe wakatuona, wakashika njia. Tukagusa chini, tukaruka, tukagusa, tukaruka, tukasimama mita chache kabla ya mfereji.

Hakuna aliyesogea. Halafu Bwana Kipanga akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, nami nikacheka, na wote wawili tukawa kama wehu. Toka siku hiyo kila aliyepanda ndege ile aliulizwa kwanza, hata padri: "Iko jembe?" Bwana Kipanga alipoacha kucheka akatazama saa yake, na uso ukamwanguka.

"Saa sita na robo, Mama."

Na Lyamkena bado ni nusu saa kwa miguu.

Nilikimbia. Mama mzima mwenye mguu ulioteguka, viatu nimevishika mkononi, matope mpaka magotini, jembe linanigonga mgongo, na mvua nyembamba inaanza. Nilikimbia nikilia. Nilijua nimechelewa. Lakini sikushuka kutoka mbinguni ili nikae kulia barabarani. Kama ni kukataliwa, nikataliwe nimefika.

Uani kwa Nikodemo niliwakuta watu watatu. Nikodemo amekaa kizingitini, kofia magotini. Emilia amesimama kando ya mlango wa jiko, macho yamevimba. Na kwenye kiti kizuri amekaa Mika, mshenga wa Kristofa, amevaa koti na saa ya mnyororo, jembe lake juu ya mapaja limefunikwa kitambaa kipya cha dukani.

"Kamwene, mzee Nikodemo," nikasema, pumzi hakuna.

"Kamwene," akaitikia.

Mika akaivuta saa yake. "Saa saba kasoro dakika kumi! Mzee, muda umepita karibu saa nzima. Nimekaa hapa kwa adabu, sasa naomba nipokelewe."

Nikodemo hakumtazama. "Emilia, kwenye barua niliandikisha nini?"

Emilia akajibu haraka, kama mtoto aliyekariri katekisimu: "Ulisema utangoja mpaka jua lisimame utosini."

"Nilitaja saa?"

"Hukutaja, baba."

Nikodemo akasimama. Akatoka hadi katikati ya ua, akainua uso juu. Mawingu yalikuwa yamefunga kutoka Lyamkena mpaka mwisho wa dunia, na manyunyu yakamwangukia kwenye ndevu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mika," akaita, "njoo unionyeshe jua."

Mika akaja, akatazama juu. "Mzee, si liko nyuma ya mawingu!"

"Huko nyuma linafanya nini, nani anajua? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi nikilingoja lisimame utosini. Halijasimama. Neno langu ni neno langu."

"Lakini saa hii imetoka Ulaya! Saa haisemi uongo!"

Hapo sikuweza kujizuia. "Ndugu yangu Mika," nikasema, "maneno hayohayo nimeambiwa leo asubuhi, nikaishia Matembwe."

Emilia akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Hata Mika, namshukuru, alikuwa mtu wa Mungu. Alitazama juu tena, akatikisa kichwa, akairudisha saa mfukoni, akauliza kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, upo. Ulikuwepo.

Nikodemo akanigeukia. "Haya, jembe liko wapi?"

Nikamgeuzia mgongo.

Halafu nikamsikia akisema nyuma yangu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mbona umelibeba kama mtoto?"

Nilikuwa na hotuba. Mshenga hafiki bila maneno, na mimi nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatano, ya kumsifu Filbert kwa kazi, kwa heshima, kwa kwenda kanisani. Yote yalikuwa yamedondoka angani.

"Ni Filbert huyu, mzee," nikasema. "Mbeleko ni ileile. Sina mwingine."

Nikasikia hatua zake. Akaja mpaka mgongoni pangu, mzee yule wa neno gumu, akainama, akaweka mikono yote miwili chini ya jembe, vile mtu anavyomshikilia mtoto ili mama afungue mbeleko asianguke. Uzito ukanitoka mabegani.

"Fungua fundo, dada," akasema. "Nimemshika."

Nikafungua.